Jinsi ya Kuchagua Muziki Bila Kudanganywa na Basi la Tamasha

Kila mwaka, wiki ile majina ya wanaokwenda Tamasha la Muziki yanapobandikwa ubaoni, shule nzima hugeuka ya wanamuziki. Vijana ambao tangu Januari hawajaugusa mlango wa chumba cha muziki hupita dirishani kwangu wakiimba kwa nguvu, tena wanarudi na kupita mara ya pili, nisije nikakosa kuwasikia. Mmoja aliniletea barua ya mzazi iliyosema mwana ana kipaji tangu utotoni. Nikamuuliza kipaji chenyewe ni cha kupiga nini. Akanijibu, "Chochote kilichobaki, mwalimu."

Basi mwongozo huu nauanza na huyo wa chochote kilichobaki. Kama unachagua Muziki kwa ajili ya basi la kwenda tamashani, mwanangu, acha. Tamasha hilo lina umri mkubwa, lilianza mwaka 1927, na kuna wanaotoka hapa na kufika hadi mashindano ya taifa. Lakini kabla ya taifa kuna kanda, kabla ya kanda kuna kaunti, na kabla ya kaunti kuna kaunti ndogo, na hapo kwenye kaunti ndogo ndipo safari ya shule nyingi hukatika, katika ukumbi wa shule jirani ambayo ungeweza kuifikia kwa miguu. Utaamshwa saa kumi alfajiri. Utafungwa leso kiunoni na kupakwa chokaa usoni. Utasimama juani hadi adhuhuri ukingoja zamu ya dakika chache, kisha utapewa mkate na soda na kurudishwa darasani kabla hujaitoa chokaa masikioni. Ndilo basi lenyewe hilo. Somo ni miaka mitatu.

Uchaguzi siku hizi unakuja mapema. Katika mfumo wa 8-4-4 mtu aliamua mwishoni mwa Kidato cha Pili, ameshayaonja masomo karibu yote. Sasa mwanafunzi wa Gredi ya 9 anatakiwa achague mkondo mmoja kati ya mitatu, yaani STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo, kisha achukue masomo matatu ya kubeba mpaka Gredi ya 12. Muziki na Dansi uko katika huo mkondo wa tatu. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na si kila shule ina mikondo yote mitatu. Kwa hiyo kabla hujajiuliza utapiga nini, jiulize utapigia wapi.

Ukienda kuitembelea shule unayoitamani, usiulize kama wana Muziki. Watakwambia wanao. Uliza ufunguo wa chumba cha muziki uko kwa nani. Mwalimu wa muziki akiutoa mfukoni mwake, kaa muendelee na mazungumzo. Ukiambiwa uko kwa karani, na karani akasema uko kwa naibu wa mwalimu mkuu, na naibu akasema aliyekuwa nao alihamishwa, aga kwa heshima uende zako.

Nasema hivyo kwa machungu. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na Muziki katika orodha ya masomo na magunia ya mahindi katika chumba cha muziki. Piano tulifundishwa kwa kadibodi iliyochorwa vibao vyeusi na vyeupe kwa kalamu ya wino. Tuliiweka juu ya dawati, tukabonyeza, na mwalimu akatuambia kwa mdomo sauti ambayo ingetoka. Vidole vyangu vilijua njia vizuri kabisa. Siku niliyokaa mbele ya piano ya kweli, nikabonyeza do ya katikati, ile sauti ilinishtua hadi nikaondoa mikono, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sitaki mtoto mwingine aupate muziki kwa kadibodi, na ndiyo sababu nakusumbua na habari za ufunguo.

Sasa nyumbani. Ukimwambia baba umechagua Muziki, atakuuliza utakula nini. Usinune, usipige mlango. Swali ni la haki na lina majibu. Polisi wana bendi, Magereza wana bendi, jeshi lina bendi, na wote hao hulipwa mshahara kwa kupuliza na kupiga. Chuo Kikuu cha Kenyatta na cha Maseno vinafundisha muziki hadi shahada. Shule zinahitaji walimu wanaojua kusoma noti. Makanisa yanatafuta wapiga vinanda kila Jumamosi usiku, kwa simu, kwa hofu. Studio zinatafuta mtu mwenye sikio. Akishayasikia hayo, mkumbushe, kwa adabu zote, habari ya mwaka 1963. Nchi ilipokaribia uhuru, watu watano waliketi kutunga wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti ya wimbo waliichukua kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwenye wimbo wa mama anayembembeleza mtoto. Kwa hiyo baba anaposimama wima uwanjani, mikono ubavuni, kidevu juu, anasimamia bembelezi. Mwambie hivyo halafu unyamaze. Mpe nafasi aiimbe kimoyomoyo. Mimi nimeshaona baba mmoja akitabasamu katikati ya ubeti wa kwanza, na mwanawe sasa yuko darasani kwangu.

Jambo moja tu usimwahidi, nalo ni alama za bure. Mtihani wa Muziki wa KCSE umekuwa na karatasi tatu: ya vitendo, ya usikivu, na ya nadharia na historia. Katika ya usikivu unapigiwa kipande cha wimbo mara chache tu, kisha unakiandika juu ya mistari mitano, kila noti mahali pake na kwa urefu wake. Kuchungulia kwa jirani hakusaidii, kwa maana jirani naye amekunja uso vilevile. Wanaokimbia Hisabati wakidhani huku ni kivulini nawapokea kwa mikono miwili. Wiki ya pili nawaandikia 6/8 ubaoni, nao wananiuliza mbona akisami zimewafuata hadi huku. Zimewafuata kwa kuwa ni zao. Atakayeelewa kwamba mapigo sita yanaweza kugawanywa mawili mawili au matatu matatu, na kwamba ngoma za kwao Rabai na Kaloleni zinafanya yote mawili kwa wakati mmoja, huyo hatasumbuliwa na akisami tena maisha yake yote.

Tukifika kwenye ala, wengi huchagua kwa macho, na macho huenda moja kwa moja kwenye kinanda cha umeme. Kina taa. Kina kitufe cha demo. Ukikibonyeza, kinapiga chenyewe wimbo mzima na ngoma zake, huku wewe umeweka vidole juu ya vibao na kutikisa kichwa kama ni wewe. Nimeshuhudia mwanafunzi akiwapigia wageni wa siku ya wazazi namna hiyo, akashangiliwa, mpaka stima zilipopotea na mikono yake ikaendelea. Usichague kinanda kwa sababu ya kitufe hicho. Tena piga hesabu: kipindi ni dakika 40, kinanda ni kimoja, wanafunzi ni 30. Kila mmoja anapata sekunde 80. Kwa sekunde 80 utaweza kuvuta kiti, kukirekebisha na kumpisha mwenzako. Kama nyumbani au kanisani kwenu kipo kinanda cha kujifunzia jioni, na mwenye ufunguo anakujua kwa jina, hapo sawa, kichague kwa moyo mkunjufu. Ni ala kubwa, na itakufundisha maafikiano ya sauti kuliko nyingine yoyote.

Gitaa linachaguliwa na wavulana kwa sababu ambayo sote tunaifahamu. Wasichana hao hawatakuja kabla ya mwezi wa tatu, kwa maana miezi miwili ya mwanzo ni ya kuota sugu kwenye ncha za vidole. Rikoda, ile filimbi ya plastiki, inadharauliwa, nami naitetea: ni ya bei ya chini, kila mtoto anaweza kuwa na yake, na tundu lake la nyuma, lile la kidole gumba, linafundisha subira. Ukilifunua nusu, sauti inapanda. Ukilifunua zaidi kidogo, inalia kama mlango wa stoo. Ukiweza kuipata hiyo nusu kila mara bila kuitazama, uko tayari kwa ala yoyote ya kupuliza duniani.

Nyatiti huchaguliwa na wavivu wa kuhesabu, wanaosema nyuzi zake ni nane tu. Nawaalika watazame inavyopigwa. Mpigaji amekaa kwenye kigoda kifupi, ala imelala mbele yake. Mikono miwili iko nyuzini, ambazo zamani zilikuwa za kano za ng'ombe na siku hizi ni za nailoni ya kuvulia samaki. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo anagonga ubao wa chini wa ala, ko, ko, ko, bila kukosa. Kifundoni mwa mguu huohuo zimefungwa njuga, na njuga zinalia kwa wakati wake. Juu ya hayo yote anaimba, na haimbi maneno aliyoyakariri tu: anamtaja aliyeingia sasa hivi, anamsifu babu yake, anamchokoza kidogo ili atoe tuzo. Nyuzi nane, mguu mmoja wenye kazi mbili, na ulimi. Anayetaka kazi hiyo nampa heshima yake. Na msichana asiambiwe kwamba nyatiti ni ya wanaume. Kwa desturi ya Waluo ndivyo ilivyokuwa, lakini miongoni mwa wapigaji wanaojulikana sana leo nje ya Kenya kuna mwanamke aliyetoka Japani, Eriko Mukoyama, aliyekwenda kujifunza Siaya akapewa jina la Anyango. Kama mtu alitoka kwao Japani akaja kuvaa ile pete ya chuma, wewe wa Kisumu Ndogo hapa Malindi unazuiwa na nini?

Ziko na nyingine ambazo ningependa kila shule iwe nazo: orutu ya uzi mmoja, yenye ngozi ya kenge, inayoweza kulia kama binadamu, obokano ya Wagusii, ambayo ukikaa karibu nayo unaisikia tumboni kabla ya masikioni, litungu ya Wabukusu, ngoma za isukuti, mama na baba na mtoto, ambazo dansi yake UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sizisemei sana kwa sababu moja, na sababu hiyo ndiyo moyo wa mwongozo wangu. Fundi wake hayupo karibu na sisi.

Chagua ala ambayo fundi wake yuko mwendo wa miguu kutoka unapolala. Hilo likubali hata kama mengine yote utayakataa. Mwalimu wako ana vipindi vichache kwa wiki na watoto wengi. Kitabu hakikohoi unapokosea. Anayekuvusha ni mtu mzima aliye jirani, ambaye ukipita kwake jioni na ala yako anaacha alichokuwa akifanya. Mtoto wa Siaya akichagua nyatiti, wa Kisii akachagua obokano, huenda ana mtu wa namna hiyo nyuma ya nyumba yao na hajui, kwa kuwa hajawahi kumuuliza.

Kwetu sisi huku pwani mtu huyo anapiga chivoti. Nililipeleka darasa langu kwa mzee mmoja, nyuma ya soko, tukamkuta ana kipande cha mwanzi mapajani. Hakutumia rula. Aliweka vidole vyake vitatu kutoka mwisho wa mwanzi, akatia alama kwa ukucha. Akashuka tena vidole viwili, alama nyingine, hadi zikatimia sita za vidole na moja ya mdomo. Kisha akachomoa msumari mrefu kutoka kwenye makaa, umeiva, akausimamisha juu ya alama ya kwanza. Moshi mwembamba, harufu ya muwa uliounguzwa, na tundu likawa tayari. Akapuliza, akasikiliza, akakunja uso, akachoma ukingo wa tundu upande mmoja, kiasi cha unywele. Akapuliza tena. Hapo tulisikia sote kwamba sauti imekaa. Mwanafunzi mmoja akauliza amejuaje. Mzee akamwambia, "Wewe umejuaje?" Na kweli, alikuwa ameshajua.

Ukichagua chivoti, jiandae kwa wiki ya upepo mtupu. Utapuliza, na kitakachotoka ni pumzi, fuu, fuu, kisha kizunguzungu. Usikaze mashavu, usipulize ndani ya tundu. Pulizia ukingo wa upande wa pili, kwa mdomo mwembamba, kama unayepoza uji wa mtu aliyekaa ng'ambo ya meza. Siku sauti itakapokuja itakuja yenyewe, itakatika mara moja, na utatumia saa nzima kuitafuta tena. Kidole kisichofunika tundu sawasawa kitakufichua mbele ya kila mtu. Usipopata mwanzi, tumia bomba la maji la plastiki. Nimeona watoto wakilitoboa likaimba vizuri. Na mbuzi wa jirani watakuzoea.

Kayamba nalo lina wateja wake, wale wanaosema ni la kutikisa tu. Yule kijana wa chochote kilichobaki ndilo alilolipata, kwa kuwa kweli ndilo lililobaki: fremu imelegea, matete mawili yamekatika, mbegu zinamwagika kila akiinama. Nikamwambia alishike kwa viganja viwili, alipepete kama anavyopepeta mchele mama yake, na kila linaporudi kwake aligonge kwa gumba. Akasema hilo ni rahisi. Nikamwomba afanye dakika kumi bila kukimbia. Ya tatu alikuwa anakimbia, ya tano mabega yamepanda hadi masikioni, ya sita akaacha na kulitazama lile kayamba kana kwamba limemtukana. Timu ya tamasha ilikwenda bila yeye. Mwezi mzima nikamwona wakati wa chakula cha mchana amekaa chini ya mwembe na uzi wa katani, anakaza fremu, anaziba matete kwa nta, anapepeta, anasimama, anahesabu, anaanza upya. Muhula uliofuata alikuja ofisini. Hakuulizia basi. Aliuliza matete hukatwa kabla ya mvua au baada yake, na nikalazimika kumpeleka kwa mzee wa nyuma ya soko, maana mimi sikuwa na jibu la kumridhisha.

Anayechagua sauti yake kuwa ala ana akili, kwa kuwa hahitaji kununua kitu, hahitaji stima, na hawezi kuisahau bwenini. Wavulana tu ndio nawatahadharisha. Sauti ikianza kupasuka, asubuhi unaimba kama dada yako na jioni kama mjomba, na katikati ya neno moja unaweza kuwa wote wawili. Usilazimishe noti za juu ulizozizoea. Shuka, imba taratibu, ngoja. Baada ya miezi kadhaa utakuta umepewa sauti nyingine, na kwaya yangu daima ina upungufu wa besi.

Ukishaichagua ala yako, usijaze fomu ya uchaguzi bado. Iazime siku saba. Ipeleke nyumbani na uipige kila jioni, noti tatu zilezile, vibaya, kwa kuwa huna namna nyingine ya kuipiga kwa sasa. Mdogo wako atakucheka, mama atakuuliza kama huna kazi ya shule. Siku ya nane jitazame. Ukiwa umeisukuma chini ya kitanda na unapata sababu za kutoiona, irudishe, hujamkosea mtu, jaribu nyingine. Ukiwa umemfokea mdogo wako kwa kuigusa, njoo na kalamu.

Fomu zinarudishwa Ijumaa. Ufunguo wa chumba cha muziki ninao mimi, mfukoni mwa kushoto, na kuanzia saa tisa na nusu mlango uko wazi kila siku ya wiki. Viti vichache vimevunjika mgongo, tumia vile vya dirishani. Njoo na kitambaa cha kufutia mdomo wa chivoti. Ukimkuta kijana amekaa kizingitini na matete yametandazwa hadi katikati ya njia, mruke tu, usimkanyagie, na usimwambie kwamba kayamba ni la kutikisa.